Kichupa Kisichoganda

Sura ya Sita

Kila kitu kwenye trei ile ya friza kilikuwa kimeganda kama jiwe, isipokuwa kichupa kimoja. Na kichupa hicho ndicho kilichowaleta polisi.

Inspekta Chausiku Kobelo alikishika kwa vidole viwili vilivyovaa glavu, akakiinamisha. Kilikuwa kidogo kuliko kidole chake cha mwisho. Matone machache yaliyobaki ndani yakateremka polepole ubavuni, mazito kama asali. Akakiinamisha upande wa pili, yakarudi yalikotoka.

"Hiki ndicho mnachosema mwizi amekimwaga akajaza maji?"

"Hicho hicho, afande," alisema Dk. Nassoro Mbiki, mkurugenzi wa taasisi ile ya utafiti wa mifugo. Alikuwa mtu mrefu, nadhifu, mwenye kalamu tatu mfukoni na sauti ya mtu aliyezoea kusikilizwa. "Ni kingamwili yetu. Ilichukua miezi minne kufika hapa kutoka ng'ambo. Jumatatu tulipoihitaji mbele ya wakaguzi, haikuona kitu. Utando wa kipimo ulitoka mweupe pe."

"Friza hii ina baridi kiasi gani?"

"Nyuzi ishirini chini ya sifuri."

"Umeme ukikatika?"

"Jenereta inawaka yenyewe."

Chausiku alikulia Mji Mpya, na mama yake alikuwa muuza barafu za ukwaju. Kabla hajajua kusoma alikwishajua tabia za maji kwenye baridi. Alikirudisha kichupa kwenye trei na kumgeukia mkurugenzi.

"Sasa haya ni maji gani, mkurugenzi, yanayokaa siku tatu kwenye baridi hiyo bila kuganda?"

Karibu na dirisha alisimama Dk. Zuhura Mloka, mtafiti mwenyewe, mwanamke wa miaka thelathini na minne ambaye tangu asubuhi alikuwa ameficha mikono mifukoni mwa koti lake jeupe. Sasa aliitoa.

"Glisirini," alisema taratibu, kama mtu anayejisikiliza akisema. "Kingamwili huhifadhiwa na glisirini ili isigande. Ikiganda na kuyeyuka mara kwa mara inaharibika. Mkurugenzi, afande yuko sahihi. Mtu angejaza maji, leo tungekuta barafu."

"Au mwizi wetu anaijua glisirini," alisema Dk. Nassoro bila kupepesa macho. "Na katika jengo hili, anayeijua kuliko wote ni Agustino."

Kesi ilikuwa inarudi hapo hapo kila ilipojaribu kuondoka. Agustino Kunambi alikuwa fundi sanifu wa maabara hiyo kwa miaka thelathini na mmoja. Friza ilikuwa na funguo mbili, mmoja wake na mwingine wa mkurugenzi, na mkurugenzi hashukiwi na mtu. Ijumaa asubuhi Agustino aliondoka kwenda msibani Matombo, kwa dada yake. Jumatatu, wakaguzi wawili kutoka Dodoma walimtaka Dk. Zuhura arudie jaribio lake mbele ya macho yao, akarudia, na hakikuonekana kitu. Jumanne Agustino aliporudi kutoka kuzika alikuta gari la polisi limeegeshwa mbele ya nyumba yake Towero, magodoro yako nje na majirani wamejaa kwenye ua. Alilala kituoni, akatoka Jumatano kwa dhamana.

Leo ilikuwa Alhamisi. Saa kumi alasiri wakaguzi wangerudi kusikia neno la mwisho, na neno hilo lilikuwa moja kati ya mawili. Ama Zuhura alibuni picha za majaribio yake ya mwaka mzima, ama Agustino aliiba. Mkuu wa Chausiku hakuwa na shaka ni lipi. Alikuwa amemwambia asubuhi, akiwa anakoroga chai, amlete yule mzee na jalada lililokamilika kabla ya jioni.

"Dokta," Chausiku alimwambia Zuhura, "niambie kitu hiki kinafanya nini. Nieleze kama unamweleza mtu aliyeishia darasa la saba, kisha akaingia polisi."

Zuhura akatabasamu kwa mara ya kwanza.

"Ng'ombe akipata ndigana kali, kuna kimelea kinaingia kwenye chembe zake nyeupe za damu. Ndani ya chembe hizo kuna vimeng'enya vinavyopeleka habari, vinaitwa kinase. Kimoja kinaitwa JNK. Ni kama swichi. Ikiwashwa, chembe inajigawa, ikizimwa, inatulia. Kimelea kinaiwasha halafu hakiizimi tena. Chembe zinazaliana mpaka ng'ombe anakufa. Mimi nina dawa, imetokana na gome la mti wa hapa juu Uluguru, na nadhani inaizima ile swichi."

"Unajuaje kama imezimwa? Unaiona?"

"Haionekani hata kwa darubini. Kwa hiyo tunazipasua zile chembe, tunazipanga protini zake zote kwenye utando, maelfu kwa maelfu, halafu tunamwaga kingamwili hii. Inapita kote. Inamtafuta JNK peke yake, na si JNK yeyote, ni yule tu aliyewashwa. JNK aliyezimwa inampita kama haimjui. Ikimpata yule wake, inamshika."

Chausiku alikitazama tena kile kichupa, safari hii kwa heshima. Katika miaka kumi na saba ya kazi aliendesha magwaride ya utambulisho mengi, na alijua jinsi mashahidi wanavyobabaika watu wanane wakisimama mstari mmoja. Huyu alisimamishiwa maelfu, akaambiwa amtambue mmoja, tena siku ile tu ambayo mmoja huyo amevaa kofia. Alitamani angekuwa na shahidi wa namna hiyo hata mmoja katika maisha yake.

"Na ikimshika, ninyi mnaonaje?"

"Tunaleta kingamwili ya pili. Hii inaifuata ile ya kwanza, inaikalia juu, na yenyewe ina kitu kinachotoa mwanga. Kamera inapiga picha ya mwanga huo. Kwenye skrini unatokea kama mstari mweusi."

"Iko wapi hiyo ya pili?"

Ilikuwa kwenye friji ya kawaida, pembeni. Kile kichupa kilichotumika Jumatatu kilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo pamoja na utando wenyewe, uliolala kwenye kisahani cha maji ya chumvi. Vingine vilipangwa kwenye sanduku dogo, na kila kimoja kilikuwa na lebo mpya inayong'aa, herufi nyeusi juu ya utepe mweupe. Chausiku alizisoma kwa sauti. "Kinga ya pili, sungura. Kinga ya pili, mbuzi. Kinga ya pili, panya." Akageuza mfuko wa vielelezo. "Na hii ya Jumatatu pia ni panya."

"Zilikuwa mbili za panya. Moja ni ya akiba," alisema Dk. Nassoro, na uso wake ukachanua kidogo. "Lebo hizo ni kazi yangu, afande. Ijumaa mchana nilikaa na mashine ya lebo, nikatafsiri friza na friji nzima. Wakaguzi wanakuja, nikasema wakute maabara ya Kitanzania inayosomeka kwa Kiswahili. Kwa nini mhudumu wetu ashindwe kusoma kilichomo kwenye friji yake mwenyewe?"

"Vizuri sana," alisema Chausiku, na alimaanisha.

Lakini jicho lake lilikuwa limekwama kwingine. Juu ya kila kifuniko kulikuwa na doa dogo la rangi, lililopakwa kwa uangalifu kama nukta. Sungura alikuwa na doa la njano, mbuzi alikuwa na jeupe. Panya wa ndani ya sanduku alikuwa na jekundu, na yule wa Jumatatu alikuwa na la kijani. Akavuta droo ya meza ya Agustino, iliyokuwa imepekuliwa mara mbili na askari wenzake, na chini ya boksi la glavu akakuta vichupa vinne vya rangi ya kucha.

"Tuliviona," mkurugenzi alisema, akakohoa. "Mzee wa miaka hamsini na tisa. Ukiniuliza mimi, kuna mwanamke mjini, na mwanamke wa mjini ana mahitaji yake."

Kwa mtu anayetafuta sababu ya wizi, hiyo ilikuwa sababu nzuri, na hata ripoti ya upekuzi iliitaja. Chausiku alivitia vile vichupa mfukoni. Mwanamke gani wa mjini anapaka kucha zake rangi nne, na anazihifadhi kwenye droo ya maabara?

Gari la polisi aliliacha pale pale uani kwenye taasisi, akatoka nje kwa miguu kutafuta bodaboda. Alikuwa na sababu zake.

Kabla hajapata pikipiki, alipita muuza dawa na spika yake begani, sauti ya kurekodi ikijirudia bila kuchoka: panya, mende, kunguni, viroboto, wote kwisha. Chausiku akakumbuka jikoni kwake, ambako kwa wiki mbili sasa mkate ulikuwa unaliwa na mpangaji asiyelipa kodi.

"Nipe ya panya."

"Panya gani, dada?"

"Kwani panya wako wangapi?"

Yule bwana akaizima spika kabisa, maana swali lilimgusa fani yake. "Dada yangu! Kuna panya buku. Kuna panya wa darini. Kuna wale wadogo wadogo wanaoingia kabatini. Dawa ya buku ina punje kubwa, yule mdogo haigusi, anaipita tu kama haimhusu. Halafu kesho unakuja kunitukana kwamba nimekuuzia unga. Kwa hiyo nauliza, panya gani?"

"Wa kabatini."

"Sasa tunaelewana."

Alipanda bodaboda na dawa yake mkobani, akawaza jinsi watu wa kila kazi wanavyopenda kusumbua wateja.

Towero ilikuwa na ubaridi wake wa kawaida, maji yakisikika chini kati ya migomba. Aliomba pikipiki imshushe chini ya mlima, akapanda kwa miguu. Mke wa Agustino, Mama Shukuru, alikuwa amekaa kwenye mkeka uani, sindano kubwa mkononi, akishona godoro lililochanwa upande mzima. Hakuuliza nani alikuwa amelichana. Alimtazama mgeni kuanzia viatu hadi kichwani, akasogeza kigoda kwa mguu, akaendelea kushona.

Mzee mwenyewe alitoka ndani akifunga vifungo vya shati. Alikuwa mfupi, mwembamba, na mikono yake ilikuwa imetulia kwa namna ambayo Chausiku hakuweza kuacha kuitazama.

"Shikamoo, mzee Agustino."

"Marahaba, afande. Umekuja na gari lile?"

"Hapana. Nimekuja na bodaboda, na hapo chini nimepanda kwa miguu."

Mzee aliangalia njia, akaona kweli hakuna gari wala jirani aliyekusanyika. "Ahsante kwa hilo," alisema, akaketi.

"Pole na msiba."

"Tumeshapoa."

"Mzee, wenzangu walikuuliza kama umeiba. Mimi sikuulizi hilo. Naomba tu uniambie unavyofanya kazi. Siku ya jaribio, Dk. Zuhura akiwa mezani, wewe unafanya nini?"

Agustino akamtazama kwa muda, kana kwamba anatafuta mtego ulipofichwa. Hakuuona. Kisha akafanya kitu ambacho Chausiku alikikumbuka muda mrefu baadaye. Aliokota vifuniko vya soda vilivyokuwa karibu na mkeka, akavipanga juu ya benchi mstari mmoja, umbali sawa, bila kupima.

"Mimi ndiye ninayempa kila kitu mkononi. Yeye macho yake yako kwenye utando, hayatakiwi kuondoka pale. Anasema, 'Ya kwanza,' nampa. Anasema, 'Ya pili,' nampa. Miaka sita sasa hajawahi kushika kichupa ambacho sikumpa mimi. Nilimfundisha kufyonza kwa pipeti akiwa mwanafunzi, mkono unatetemeka. Sasa hautetemeki."

"Na wewe unavijuaje? Vyote vinafanana."

"Kwa rangi."

Chausiku akatoa vichupa vinne mfukoni, akaviweka juu ya benchi. Mama Shukuru akaacha kushona.

"Ile nyekundu ni yangu!" alisema. "Nilinunua kwa ajili ya harusi ya mdogo wangu. Mwaka wa nne huu ananiambia sijui iko wapi!"

"Nilikuwa ninaazima," alisema Agustino, na kwa mara ya kwanza aliona aibu. "Wino wa kalamu ukipanguswa na spiriti unafutika, na ukikutana na unyevu wa friji unatiririka. Rangi ya kucha inakaa. Na yale maandishi ya Kizungu kwenye vichupa ni madogo kama miguu ya sisimizi, macho yangu hayayasomi tena. Kwa hiyo njano ni ya sungura. Nyeupe ya mbuzi. Nyekundu ni ya wale wadogo, kijani ni ya wale wakubwa."

"Wadogo na wakubwa akina nani?"

"Panya."

Mkono wa Chausiku ukaenda wenyewe kwenye mkoba, ukagusa ile pakiti ya dawa.

"Endelea, mzee. Polepole."

"Kingamwili zinatengenezwa na wanyama, afande. Ile ya kwanza ya Zuhura, ile inayomtambua JNK, imetengenezwa na panya mdogo, huyu wa kabatini. Kwa hiyo ya pili lazima iwe ya kumfuata panya mdogo, nyekundu. Ile ya kijani ni kwa kazi nyingine, kwa kingamwili zilizotoka kwa panya mkubwa. Wazungu wana majina mawili, mbali kabisa, hawachanganyi. Ile ya kijani ukiiweka juu ya kazi ya panya mdogo inaipita tu. Imechujwa makusudi iipite."

"Kama haimhusu," alisema Chausiku.

"Kama haimhusu kabisa."

"Lebo mpya umeziona?"

"Lebo gani?"

Chausiku alisimama. Ijumaa asubuhi mzee huyu alikuwa kwenye basi la Matombo. Ijumaa mchana mkurugenzi alikuwa na mashine yake, akifunika miguu ya sisimizi kwa neno moja kubwa, mara mbili. Jumatatu Zuhura, wakaguzi wawili wakimpumulia mgongoni na mtu wake hayupo, alifungua friji, akasoma PANYA, akachukua kilichokuwa mbele.

"Mzee, vaa viatu. Tunakwenda kazini."

"Nimekatazwa kukanyaga pale."

"Anayekataza leo ni mimi, na mimi nimekuruhusu."

Saa saba na nusu walikuwa maabara. Dk. Nassoro alikuwa mjini kuwapokea wakaguzi. Zuhura alipomwona Agustino mlangoni alianza kumsogelea. Chausiku hakumpa nafasi. Alivunja mwenyewe lakiri ya mfuko wa vielelezo, akaandika saa, akatia saini, akampa kichupa chenye doa la kijani na kile chenye doa jekundu, na kisu kidogo.

"Bandua lebo."

Zuhura alibandua ya kwanza, akasoma maandishi yaliyokuwa chini. Akabandua ya pili. Kisha akakaa kwenye kigoda cha maabara.

"Nilisoma panya," alimwambia Agustino, ambaye tangu uanafunzi wake alimwita Baba. "Nilisoma tu panya. Baba, nilipoulizwa nikasema kichupa kimechezewa. Nikakutaja wewe." Machozi yakamtoka. "Wamekulaza ndani kwa sababu yangu."

"Hayo baadaye," alisema Agustino, akiwa tayari anavaa koti lake. "Utando wa Jumatatu uko wapi?"

"Kwenye kisahani. Lakini ni siku tatu, Baba. Siku tatu kwenye maji ya chumvi. Ya kwanza inaweza kuwa imeshaachia. Tuanze upya, tuombe kesho..."

"Kesho haipo," alisema Chausiku. "Saa kumi ipo."

Agustino aliuinua utando kwa kibano, akauangalia kwenye mwanga. Ulikuwa mweupe mtupu, kipande cha kitu mfano wa karatasi kisichozidi kiganja. "Ile ya kwanza nimeishi nayo," alisema. "Ikishika haiachii ovyo. Tumwulize vizuri kwanza, ndipo tuseme amekana."

Chausiku aliketi kuangalia. Alikwishaona watu wengi wakifanya kazi chini ya tishio, na karibu wote mikono huwasaliti. Ya mzee huyu haikumsaliti hata kidogo. Alisuuza utando mara tatu, kila mara akihesabu dakika kwa midomo tu. Akafyonza kutoka kwenye kichupa chenye doa jekundu kiasi ambacho Chausiku hakukiona hata kwenye ncha ya pipeti, akakichanganya, akamimina, akafunika. Saa nzima kisahani kilicheza taratibu juu ya mashine. Zuhura alisimama kulia kwake. Mara moja mzee alinyoosha mkono bila kugeuka, na kopo la maji ya kusuuzia likawa limeshafika kiganjani mwake. Inspekta aliona raha kuwatazama, na hakuona haya kuiona.

Wakati huo Chausiku alikuwa akifikiria kichupa kile kisichoganda. Kama mzee alikuwa sahihi, basi tangu Jumatatu shahidi wao alikuwa amesimama pale pale kwenye utando mweupe, amemshika mtuhumiwa mkono, anasubiri. Walimletea mkalimani wa kabila lingine, wakaona kimya, wakasema ni bubu. Kisha wakaenda kupasua godoro la mtu.

Saa kumi kasoro dakika tano mlango ulifunguliwa. Dk. Nassoro aliingia na wakaguzi wake wawili, akamwona Agustino, akasimama.

"Afande! Huyu anafanya nini humu?"

"Anamalizia sentensi," alisema Chausiku. "Tafadhali, mkurugenzi. Dakika tano."

Zuhura aliusukuma utando ndani ya kamera, akafunga kifuniko. Kwenye skrini kulikuwa na weupe mtupu. Sekunde kumi zikapita. Ishirini. Zuhura akashika ukingo wa meza. Agustino hakuangalia skrini hata kidogo; alikuwa anapangusa pipeti.

Mstari ulitokea kama mtu anavyotoka kwenye ukungu. Kwanza kivuli, kisha kitu, kisha mweusi tii, upande wa kushoto, mahali pa chembe zilizougua bila kupewa dawa. Kulia kwake ukatokea wa pili, hafifu kidogo: chembe zilizokaa na dawa saa moja. Wa tatu ulikuwa kama alama ya penseli: dawa saa tatu. Na mahali pa saa sita hapakuwa na kitu, weupe safi, na safari hii weupe ulikuwa na maana. Swichi ilikuwa imezimwa.

"Mungu wangu," alisema mmoja wa wakaguzi, akasogea mpaka pua ikakaribia kioo. "Hizi ndizo picha za ripoti yako."

"Mmepata wapi kingamwili nyingine?" aliuliza Dk. Nassoro.

"Ni ile ile," alisema Chausiku. "Kichupa kile kile, utando ule ule wa Jumatatu. Lakiri nimevunja mimi. Kilichobadilika ni hiki." Akaweka mbele yake vichupa viwili, chekundu na kijani, na pembeni lebo mbili zilizobanduliwa. Alimwachia asome.

Dk. Nassoro alisoma. PANYA. PANYA. Akainua vichupa karibu na macho, akasoma yale maandishi madogo, kimoja, kisha kingine. Chausiku alimtazama uso, kama alivyozoea kuwatazama watu katika dakika hiyo, na alikuwa tayari kusikia habari za umeme, za wahudumu, za watengenezaji wa ng'ambo.

"Hakuna aliyeiba," mkurugenzi aliwaambia wakaguzi. Sauti yake ilikuwa imeshuka, lakini haikukwepa. "Hizi lebo niliandika mimi, peke yangu, bila kumuuliza mtu anayevijua. Dk. Zuhura hakubuni kitu. Bwana Agustino hakugusa kitu. Kosa ni langu, na naomba liandikwe hivyo."

Inspekta Chausiku alimvulia kofia moyoni. Wanaume waliomfikishia sentensi kama hiyo, bila 'lakini' katikati, angeweza kuwahesabu kwa mkono mmoja.

Dk. Nassoro akatia mkono mfukoni, akatoa ufunguo wa friza, ule uliochukuliwa kwa Agustino Jumanne, bado una kamba yake ya bluu. Akaunyoosha kwa mikono miwili.

"Mzee, nisamehe. Chukua ufunguo wako."

Agustino aliutazama. Akamaliza kupangusa pipeti, akaitundika mahali pake, akavua glavu moja, kisha nyingine. Hakuuchukua.

"Nimekusamehe, mkurugenzi, na kuna jina la Kiswahili kwa kila panya, ungeniuliza ningekupa. Lakini ufunguo huo siupokei hapa." Alizungumza bila hasira, kama alivyohesabu dakika. "Hapa wote wanajua sasa. Towero hawajui. Towero waliliona gari, wakaliona godoro langu limepasuliwa uani, na mimi nikipandishwa nyuma. Mke wangu anateka maji bomba moja na watu hao. Njoo nao nyumbani, unipe pale pale uani, mchana huu huu, watu wakiwa wanaona."

Mkurugenzi alitazama viatu vyake, halafu ufunguo.

"Tutakwenda," alisema. "Tukapande gari langu."

"Hapana," alisema Agustino. "Lile lile."

Chausiku alikuwa amekwishatoa funguo za gari mfukoni. Walitoka uani jua likiwa bado limeegemea mlima, watu wa ofisi wakichungulia madirishani. Akafungua mlango wa mbele, akamshika mzee mkono, akampandisha. Dk. Nassoro alisimama kidogo, akitafuta kiti kingine. Kisha akazunguka, akapanda nyuma, kwenye benchi la chuma, akakaa na ufunguo mkononi.